Kwa nini «wa» inachosha kidole: kupanga klavie kwa wanaoandika Kiswahili Ubundu

Katika teritwari ya Ubundu, jimbo la Tshopo, mtu anayepiga barua kwenye mashini anaweza kushika lugha tatu kwa siku moja: Kifaransa kwa karatasi za serikali na za masomo, Kiswahili kwa tangazo la kanisa au la kikundi cha wakulima, Lingala kwa ndugu walio upande wa chini wa mto. Lakini klavie, au kibodi kama wanavyosema Tanzania, imepangwa kwa lugha moja tu, tena ya mbali. Watu wengi wanaona wako polepole juu ya vidole vyao. Mara nyingi kosa si la vidole. Ni la mpangilio wa herufi, na mpangilio huo unabadilishwa bila kununua kitu.

Jambo hili si la anasa. Pale ambapo mashini inakula moto wa jua au wa jenereta, kila dakika ya kutafuta herufi na kila mstari wa kuandika upya ni pesa. Kuna pia mkono wenyewe: mtu anayepiga kurasa nyingi kwa siku na kiganja kimepinda anaweza kupata maumivu ya kiganja na ya vidole yanayokaa muda mrefu.

AZERTY ilitoka wapi

Mashini ya kuandika ya Sholes na Glidden, iliyouzwa na Remington kule Marekani kuanzia 1874, ndiyo iliyoeneza mpangilio unaoitwa QWERTY, jina linalotokana na herufi sita za kwanza za mstari wa juu. Wafaransa waliubadilisha kidogo kabla karne ile haijaisha, ikatokea AZERTY. Ubelgiji nayo ilifuata AZERTY, na kwa njia hiyo mpangilio huo uliingia katika ofisi za Congo, wakati Ubundu ilikuwa bado inaitwa Ponthierville na mizigo iliyopanda mto ilifika kwa treni kutoka Kisangani, kilometa kama 125, ili kupita maporomoko ya Boyoma.

Leo mashini zinaingia kwa njia nyingi. Zile za mitumba za Ubelgiji na Ufaransa zina AZERTY. Zile zinazotoka Dubai, Kampala au Nairobi kwa kawaida zina QWERTY. Hata AZERTY mbili hazifanani kabisa: herufi ziko pamoja, lakini alama zinatofautiana. Alama @ ya anwani ya barua pepe inapatikana kwa Alt Gr na kitufe cha 2 kwenye klavie ya Ubelgiji, lakini kwa Alt Gr na kitufe cha 0 kwenye ile ya Ufaransa.

Fujo inaanza pale ambapo vitufe vinaonyesha kitu kimoja na mashini imewekwa kwa kingine. Mtu akipiga neno «wazazi» kwa kufuata vitufe vya AZERTY, na ndani mashini imewekwa QWERTY, kitakachotokea ni «zqwqwi». «Mama» itakuwa «;q;q». Kwenye barua kosa hilo linaonekana mara moja. Kwenye neno la siri halionekani, sababu zinatokea nukta tu. Mwenye mashini anafikiri neno lake limebadilishwa na mtu, kumbe ni mpangilio. Kabla ya kupeleka mashini kwa fundi, inafaa kuangalia alama ya lugha kwenye kona ya skrini: FR, EN au nyingine.

Kidole kidogo kinabeba mzigo wote

Anayepiga kwa vidole kumi anaweka mikono juu ya mstari wa katikati, na kila kidole kina safu yake. Kidole kidogo cha mkono wa kushoto, ambacho ni dhaifu kuliko vyote, kwenye AZERTY kina herufi tatu: A juu, Q katikati, W chini.

Kiswahili hakitumii Q hata kidogo. Lakini Q ndiyo iliyopewa kiti kizuri, pale kidole kinapolala. A, ambayo Kiswahili kinaitumia kuliko herufi nyingine yoyote, imewekwa juu. W imewekwa chini. Basi kuandika «wa», kidole kilekile kinashuka mstari wa chini kabisa halafu kinaruka hadi mstari wa juu kabisa. Na «wa» iko kila mahali: wa, kwa, kuwa, watu, watoto, mwalimu, bwana.

Hesabu ya mfano mmoja inatosha: «Wananchi wa Ubundu wanaomba barabara.» Sentensi hii ina herufi 32. Kati yake, A ziko 10 na W ziko 3. Maana yake kidole kidogo cha kushoto kinapiga mara 13 kati ya 32, na hakuna hata mara moja ambapo kinapiga pale kilipolala. Kwenye QWERTY hali ni nyingine: A iko mstari wa katikati, chini ya kidole kidogo, na W iko juu, chini ya kidole cha jirani. Vidole viwili vinagawana «wa», na hakuna kuruka.

Kuna mipangilio iliyobuniwa makusudi ili kupunguza mwendo wa vidole. August Dvorak wa Marekani alipata hati ya uvumbuzi ya mpangilio wake mwaka 1936. Kwa Kifaransa kuna BÉPO, ambayo shirika la viwango la Ufaransa, AFNOR, liliiweka mwaka 2019 katika kiwango kimoja pamoja na AZERTY iliyotengenezwa upya. Zote mbili zinaweka A na vokali nyingine nyingi kwenye mstari wa katikati, upande wa kushoto. Hiyo inafaa Kiswahili, juu karibu kila silabi yake inaishia kwa vokali, na mikono inaweza kupokezana.

Hata hivyo hazikutengenezwa kwa Kiswahili. K ni herufi adimu kwa Kifaransa na kwa Kiingereza pia haitumiki sana, kwa hiyo waliitupa mstari wa chini. Kwenye Dvorak, K, U na I zote ziko chini ya kidole cha shahada cha kushoto, na hivyo «ku» na «ki», zinazoanzisha maneno mengi sana ya Kiswahili, zinapigwa na kidole kimoja kinachokimbia. Kwenye BÉPO, W iko mwisho kabisa upande wa kulia. QWERTY nayo haina usafi wote, sababu «ki» inapigwa na kidole kimoja cha mkono wa kulia. Kwa hiyo hakuna mpangilio mmoja wa kigeni wa kukimbilia. Kila mwandishi anapima lugha anazoandika zaidi.

Kwanza, kutembea ndani ya maandishi

Kabla ya kugusa mpangilio wa herufi, faida kubwa na ya haraka iko kwenye kurekebisha. Mwenye kuandika anatumia muda mwingi akirudi nyuma, kufuta na kuhamisha maneno. Akifanya yote hayo kwa kushika panya au kwa kubonyeza mshale herufi moja moja, muda unapotea. Vitufe hivi vinafanya kazi karibu katika programu zote za kuandika:

– Ctrl pamoja na mshale wa kushoto au wa kulia: kursa (kale kamstari kanakowaka na kuzimika) inaruka neno zima.
– Kitufe cha mwanzo wa mstari na kile cha mwisho (kwenye AZERTY nyingi kimeandikwa «Fin»): inaenda pembeni mwa mstari. Pamoja na Ctrl, inaenda mwanzo au mwisho wa karatasi yote. Kwenye mashini ndogo vitufe hivi vinaweza kuhitaji Fn.
– Maj pamoja na yoyote kati ya hivyo: maandishi yanachaguliwa njiani, tayari kukatwa au kubadilishwa.
– Ctrl pamoja na kitufe cha kufuta nyuma: neno zima linafutika. Ctrl pamoja na Suppr: neno la mbele ndilo linalofutika.
– Ctrl+Z: kurudisha kilichoharibika. Ctrl+S: kuhifadhi, jambo la kufanya kila baada ya aya pale moto unapoweza kukatika wakati wowote.
– Maj+F5 ndani ya Word: kurudi mahali pa mwisho palipoguswa.

Ctrl na mshale zinafaa Kiswahili kwa namna ya pekee. Kwa Kifaransa makosa mengi yako mwisho wa neno: s imesahaulika, e imezidi. Kwa Kiswahili makosa mengi yako mbele: «alifika» kumbe ni «walifika», «kitabu yangu» kumbe ni «kitabu changu», «nitaenda» kumbe ni «tutaenda». Kuruka kwa Ctrl na mshale wa kushoto kunaiweka kursa pale pale mbele ya neno, mahali kosa lilipo. Mtu anaongeza w, basi, kazi imekwisha.

Kuna jambo la kuangalia kwenye kutafuta na kubadilisha (Ctrl+H ndani ya Word). Mtu akitaka kubadilisha jina «Ali» kuwa «Aly» katika ripoti nzima, mashini itagusa pia «alisema», «aliondoka» na «walikuja». Kabla ya kubadilisha yote kwa mara moja, achague sehemu ya «Mot entier», ili neno kamili tu liguswe.

Tena, vitufe vinafuata lugha ya programu. Word ya Kifaransa inakoleza maandishi kwa Ctrl+G, kwa sababu ya neno «gras». Ile ya Kiingereza inatumia Ctrl+B. Mtu aliyezoea mashini moja akikaa kwenye nyingine asishangae.

Pili, kuongeza mpangilio wa pili

Windows inaruhusu mipangilio kadhaa kwenye mashini moja. Inaongezwa ndani ya «Paramètres», sehemu ya «Heure et langue», halafu kwenye lugha. Baada ya hapo kitufe cha Windows pamoja na nafasi kinabadilisha kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine. Hakuna kinachofutwa, AZERTY inabaki.

Kwa anayeandika Kiswahili na Kifaransa pamoja, kuna njia tatu za kulinganisha.

Ya kwanza ni QWERTY ya kawaida ya Marekani kwa Kiswahili, na AZERTY kwa Kifaransa. Kiswahili hakina herufi zenye alama juu, basi QWERTY inatosha. Shida ni kukumbuka mikono iko upande gani.

Ya pili ni QWERTY ya Marekani inayoitwa «internationale». Hapo alama ya ' ikifuatwa na e inatoa é, kwa hiyo Kifaransa kinaandikika. Lakini ina mtego kwa Kiswahili: «ng'ombe» inatokea «ngómbe», na «kunyang'anya» inatokea «kunyangánya», juu mashini inafikiri alama ile ni ya kuweka juu ya vokali. Dawa yake ni kubonyeza ' halafu nafasi, kisha kuendelea na vokali.

Ya tatu, na pengine inayofaa zaidi kwa lugha hizi mbili, ni «Français (Canada)». Wakanada wanaoandika Kifaransa wanatumia QWERTY, si AZERTY. A iko katikati, W iko juu, namba zinapigwa bila Maj, na é ina kitufe chake. Alama ya ng' iko kwa Maj na kitufe cha koma. Herufi è, à na ç zinahitaji mibonyezo miwili, lakini hazitokei mara nyingi kama é.

Kwenye Linux kuna zaidi: mpangilio wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo unakuja ndani ya mfumo, umejengwa juu ya AZERTY na unapatikana kwa alama «cd». Humo pia mna mipangilio ya Kiswahili ya Kenya na ya Tanzania.

Tatu, kuhamisha kitufe kimoja kimoja

Anayeipenda AZERTY yake anaweza kuponya jambo moja tu: kubadilishana A na Q. A inashuka kwenye mstari wa katikati, Q inapanda juu. Hapo «wa» inakuwa hatua moja ya kidole, si mruko wa mistari miwili. Kifaransa hakiumii sana, sababu nacho kinatumia A kuliko Q. Microsoft inatoa bure programu ya kutengeneza mipangilio, Keyboard Layout Creator: mtu anafungua AZERTY, anabadilisha herufi mbili, anatengeneza faili la kusakinisha. Faili hilo linabebwa kwenye ufunguo wa USB hadi mashini nyingine, bila intaneti.

Programu nyingine ya bure ya Microsoft, PowerToys, inafanya kazi kwenye Windows 10 na 11. Nayo inaweza kugeuza Alt ya kushoto pamoja na J, L, I na K kuwa mishale minne: J kushoto, L kulia, I juu, K chini. Mkono unaacha kwenda na kurudi pembeni mwa klavie kila mara mtu anaporekebisha neno. PowerToys lazima ibaki wazi ili mishale hiyo ifanye kazi, na kila muungano wenye Maj au Ctrl unapangwa peke yake.

Watu wengi wa nchi nyingine wanapenda kugeuza kitufe cha Verr Maj kuwa kitu kingine, kwa kuwa kiko mahali pazuri na hakitumiki sana. Kwenye AZERTY ya Ufaransa inafaa kufikiri mara mbili: Verr Maj ndiyo inayofungua namba za mstari wa juu. Anayeandika bajeti au orodha ya alama za wanafunzi kwenye mashini isiyo na namba za pembeni ataihitaji.

Vifupisho vya maneno marefu

Njia nyingine ya kupunguza mibonyezo ni «Correction automatique» ya Word. Mwandishi anaweka kifupisho, mashini inaandika neno kamili: «tbd» inakuwa «Teritwari ya Ubundu, Jimbo la Tshopo», «jkc» inakuwa «Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo». Kifupisho kisiwe neno la kweli katika lugha yoyote anayoiandika, la sivyo kitalipuka katikati ya sentensi. Na anapoandika Kiswahili, inafaa kuiambia Word kwamba maandishi yale si ya Kifaransa, ili isijaribu kuyasahihisha kwa kanuni zisizokuwa zake.

Kwa wenye simu tu

Wengi hawana mashini, wanaandika kwenye simu. Gboard ya Google inakubali lugha ya Kiswahili na inamruhusu mtu kuchagua AZERTY au QWERTY. Kidole kikiteleza juu ya kitufe cha nafasi, kursa inasogea kushoto au kulia, ambayo ni rahisi kuliko kulenga herufi kwa kidole kinene. Kuteleza kuelekea kushoto kutoka kitufe cha kufuta kunafuta maneno mazima. Kamusi ya binafsi iliyo ndani ya mipangilio yake nayo inapokea vifupisho.

Adabu ya mashini ya watu wengi

Kwenye ofisi, shule au sekretaria ya mtaani, mashini moja ina mikono mingi. Anayebadilisha mpangilio anaongeza, hafuti. Na anawaambia wenzake. Karatasi ndogo iliyobandikwa pembeni mwa skrini, «Windows + nafasi = AZERTY», inazuia ugomvi. Neno la siri la kuingilia liwe la herufi zisizohama kati ya AZERTY na QWERTY: A, Q, Z, W na M ndizo zinazohama, na namba za juu zinahitaji Maj kwenye moja na kwenye nyingine hapana.

Na kwa mkono wenyewe, klavie ya gharama iliyogawanyika vipande viwili si lazima. Kiganja kikae sawa na mkono, bila kupinda juu wala pembeni. Viwiko viwe karibu na urefu wa meza. Kiti kikiwa kifupi, mto au ubao unatosha kukipandisha. Mtu apumzishe vidole mara kwa mara, na maumivu yanayorudi kila siku ayapeleke kituo cha afya.

Mpangilio mpya unataka uvumilivu. Siku za kwanza mwendo unashuka, kisha unapanda. Ndiyo maana inafaa kuanza siku isiyo na kazi ya haraka, na kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja: leo Ctrl na mishale, juma lijalo mpangilio wa pili, baadaye vifupisho. Anayeishia kwenye hatua ya kwanza tu atakuwa amekwisha kuokoa mibonyezo mingi katika kila barua.